UZI: Kapteni aliyepima njia ya reli ya Mombasa hadi ziwani kabla taruma hata moja halijalazwa

KigingiNaDira
Wakuu, salaam.

Kila reli ya Uganda ikitajwa humu tunaanza na simba wa Tsavo na tunamalizia na simba wa Tsavo. Sawa, simba walikula watu kweli. Ila wale ni wa mwaka 1898. Miaka sita na ushei kabla yao kuna kundi lilipita pale pale Tsavo na dira, madaftari na mizigo kichwani, likitafuta pa kupitisha chuma. Aliyeliongoza ni James Ronald Leslie Macdonald, kapteni wa kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza. Nimetafuta uzi wake humu sijauona, na jamaa ana mkasa mrefu: kapima reli, kakaimu utawala Uganda, kaongoza safari iliyozaa maasi makubwa ya askari, kisha akaenda kuvamia Tibet.

Mimi ni mpima ardhi, mzaliwa wa Mombasa, kwa hiyo mtanivumilia nikikaa sana kwenye vipimo. Historia naisoma usiku, mchana napiga vigingi.

Alizaliwa Februari 1862 Rajahmundry, India, lakini ni Mskoti. Kasoma Aberdeen, akaingia chuo cha kijeshi cha Woolwich, na mwaka 1882 akapewa uafisa. Kazi ilianzia India, mpaka wa kaskazini-magharibi, kupima njia za reli kwenye milima iliyosimama kama ukuta. Huko ndiko alikojifunza kazi, na huko ndiko alikozoea kwamba kila anayekutazama kutoka kilimani huenda ana bunduki. Jambo hili la pili liwekeni akilini, litarudi.

Sasa kwa nini aletwe huku? Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki (IBEA) ya Sir William Mackinnon ilipata hati ya kifalme 1888, ikajitwika eneo kutoka Pwani hadi Uganda, na kufikia 1891 ilikuwa inatapatapa kifedha. Uganda ni mbali. Kila kitu kinakwenda kichwani mwa mpagazi, na tani moja kufika huko inakula zaidi ya pauni 100. Pembe za ndovu zinaweza kulipa gharama hiyo. Pamba haiwezi, kahawa haiwezi. Kampuni ikasema bila reli tunafunga virago. Serikali ya London nayo ilikuwa na kisingizio kizuri mkononi: mkutano wa Brussels wa 1890 ulikuwa umeitaja reli kama silaha ya kuua biashara ya watumwa. Zikatengwa pauni 20,000 za upimaji. Macdonald, miaka 29, akaambiwa: nenda.

Watu wa Mombasa wenzangu, kuna kituko cha pembeni. Kampuni ilikuwa tayari "imeanza" reli mwaka 1890, kwa mbwembwe zote. Ikajenga maili saba hivi za njia nyembamba, ikaishia porini. Vyuma vyake vikaja kung'olewa na kutumika kwenye troli za mjini, zile za kusukumwa na watu kwa miguu huku mabwana wamekaa chini ya kijipaa. Wazee wa Mji wa Kale walizikuta.

Naendelea baadaye, naingia saiti.

Jembe la Kisarawe
Nimekaa paleee na kahawa yangu. Tiririka mkuu, usije ukatuacha kama wale wa "itaendelea" wa mwaka juzi.

Mtoto wa Dagoretti
Fuatilia vizuri, ukifika kwetu Fort Smith, ile ngome ya kampuni, niite. Nina la kuongeza.

KigingiNaDira
Nimerudi.

Desemba 1891 wakatoka Mombasa. Maafisa wenzake walikuwa Pringle, Twining na Austin, wote wahandisi wa jeshi. (Huyo Pringle alikuja kuwa mkaguzi mkuu wa reli huko kwao Uingereza, treni ikianguka anaitwa yeye. Twining ni Mkanada.) Walikuwamo wasaidizi wa upimaji kutoka India. Na chini ya hao wote, au niseme juu ya vichwa vyao, mamia ya wapagazi wetu: Waswahili wa Mombasa na Unguja, Wamrima, Wanyamwezi, na wanyapara wao na kirongozi wao.

Hesabu ya mpagazi ni hii. Mzigo wake ratili 65, karibu kilo 30. Posho yake ni nafaka, kama ratili moja na nusu kwa siku. Sasa mpe mzigo wa chakula mtupu, mwambie atembee akila alichobeba. Baada ya siku arobaini na kitu kamaliza mzigo wote, na hajambebea mtu mwingine hata kikombe. Ndiyo maana msafara hauendi mahali pasipouzwa chakula, hata dira ikisema huko ndiko njia nzuri. Njia ya misafara kutoka Mombasa hadi ziwani ilikuwa imekwisha kupimwa na matumbo ya watu miaka mingi kabla ya Macdonald. Maji yako wapi, nani anauza mtama, wapi unapita kiangazi na wapi masika: yote yalikuwa kichwani mwa wanyapara. Kwenye ramani ya kapteni jina la mnyapara halionekani.

Mateso ya kwanza yako karibu na nyumbani, nyika ya Taru. Aliyepita Mackinnon Road kiangazi anaijua: udongo mwekundu, vichaka vya miba vinavyokukamata shati usione mbele hatua kumi, na maji hakuna. Mpimaji anataka kuona mbali. Akipata kilima anapanda, anasoma pembe za vilima vingine, anashuka. Kule Taru kilima hakuna. Unakata mstari kwa panga, unasoma dira, unahesabu umbali, unakata tena, huku wapagazi wanauliza kisima kiko wapi.

Kutoka hapo wakafuata Tsavo, Kibwezi, nchi ya Ukambani, wakafika Fort Smith kwenye mpaka wa Kikuyu na Umasai, wakashuka Bonde la Ufa, Naivasha, Nakuru, wakapanda Mau, wakashuka upande wa mto Nzoia hadi ziwani. Wakigawanyika makundi inapobidi, huyu ajaribu upande huu na yule upande ule, wakutane walinganishe.

Bibi Hisabati
Kaka Kigingi, samahani, nafundisha sekondari na hili nataka nilipeleke darasani. Mwinuko aliupimaje? Zama hizo hakuna setilaiti. Reli haipandi ovyo, lazima ajue mahali hapa ni juu kuliko pale kwa mita ngapi. Na nyika kama hiyo hawezi kusimamisha nivo (kile chombo cha kupimia usawa) kila hatua.

KigingiNaDira
Dada, hili ndilo swali nililokuwa nalingojea, Mungu akubariki.

Wapimaji wa misafara ya zama zile walitegemea hewa. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, na baromita ya mfukoni inakuonyesha. Kile kichombo kina tabia ya kudanganya kikipata mtikisiko wa safari, na hali ya hewa ikibadilika nacho kinabadilika ingawa wewe umekaa palepale kitandani. Kwa hiyo wanakikagua kwa maji ya moto. Usinicheke. Unachemsha maji kwenye kijungu maalumu, unatia kipimajoto ndani ya mvuke, unasoma yamechemka kwenye nyuzi ngapi. Mombasa ni 100. Kila ukipanda kama mita 300 inapungua karibu nyuzi moja. Ukiwa juu ya Mau, kwenye mita 2,500, maji yanachemka kwenye 92 hivi. Waambie wanafunzi wako ndiyo sababu maharage ya Molo yanamaliza kuni.

Halafu mambo ya mteremko. Kwenye miinuko mikali ya reli ile walikubali 1 kwa 50: unakwenda mita 50 mbele ndipo upande mita 1. Sasa una ukingo wa Bonde la Ufa, una mita 500 za kushuka. Piga: 500 mara 50, ni kilomita 25 za reli zikijikunja ubavuni mwa mlima kama nyoka. Kwa jicho, chini pako pale, jiwe ukilitupa unalisikia. Kazi ya Macdonald ilikuwa kutazama ukuta ule na kusema: hapa kuna kilomita 25 zimejificha, na ziko upande huu.

Wajenzi walipofika pale mwaka 1899 hawakuwa na subira. Wakaweka kwanza njia ya muda, mabehewa yanashushwa moja kwa moja kwa kamba za chuma, ili vifaa vitangulie bondeni wakati njia halisi ikichongwa. SGR, reli mpya ya sasa, ilipotaka kuingia bondeni imetoboa mlima huko Ngong, shimo la kama kilomita nne na nusu. Mwenye mashine hana haja ya kumbembeleza mlima.

Bibi Hisabati
Ahsante sana. Ya maharage wataielewa kuliko yote.

Mla Viazi Karai
Na makadirio yake yalitoka vipi? Maana sisi huku wakandarasi wakisema bilioni moja ujue ni tatu.

KigingiNaDira
Hahaa, hujaachwa mbali na ukweli. Ripoti yake ilisema maili 657 kutoka Mombasa hadi ziwani, gharama pauni 2,240,000. Reli iliyojengwa kuanzia 1896 ikaishia maili 582 tu, kwa sababu njia ilipimwa upya upande wa Mau na kupelekwa Kisumu badala ya ile yake ya kaskazini zaidi. Fupi kwa maili 75. Na pesa? Zaidi ya pauni milioni 5. Fupi kuliko alivyosema, ghali zaidi ya mara mbili.

Ila nimtetee mtu wa fani yangu. Macdonald alipima kwa miezi michache, kwa miguu, kwa ajili ya reli nyepesi ya kampuni maskini. Iliyojengwa ni ya serikali, na mengi yaliongezeka njiani. Na sehemu kubwa ya njia ya reli kutoka Mombasa hadi bondeni, ukichukua ramani mbili ukaweka moja juu ya nyingine, inafuata alikopita yeye. Treni ya zamani tuliyoipanda utotoni kwenda Nairobi, ile ya kulala, ilikuwa inatembea kwenye daftari lake.

Mtoto wa Dagoretti
Sasa hapo Fort Smith usipapite mbio.

Agosti 1892, wapimaji wanarudi kutoka ziwani. Pale ngomeni kulikuwa na mtu wa kampuni, Purkiss. Jirani yake ni mzee wetu Waiyaki wa Hinga, aliyekuwa amekula kiapo cha undugu na Lugard, afisa wa kampuni, miaka miwili nyuma, na ahadi ikavunjwa na watu wa kampuni waliokuwa wanachukua chakula na mbuzi za watu. Kukatokea ugomvi kati yake na Purkiss, Waiyaki akajeruhiwa kichwani na kufungwa. Msafara wa Macdonald ukafika ndani ya siku hizo hizo. Waiyaki akachukuliwa chini ya ulinzi kupelekwa Pwani. Hakufika. Alifia Kibwezi, akazikwa huko.

Kwetu tumekua tukiambiwa alizikwa mzima, kichwa chini. Wazungu wameandika alikufa kwa jeraha. Mimi sikuwepo. Lakini Kibwezi iko kwenye mstari ule ule wa reli unaousifia, ndugu Kigingi. Kwa Wakikuyu daftari la huyo kapteni lina damu kwenye ukurasa huo.

KigingiNaDira
Kaka, nimeupokea. Wala sikusudii kumsafisha. Kwa kweli ukiniuliza uzi huu unahusu nini, nitakwambia ni mtu aliyeweza kusoma mlima na asiweze kusoma watu. Subirini Uganda.

Kabla hajafika Pwani akapata amri ageuze, arudi Uganda. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wamepigana Mengo, na Lugard wa kampuni alikuwa upande wa Waprotestanti na bunduki yake ya Maxim. Wafaransa wakapiga kelele Ulaya, London ikataka uchunguzi. Nani yuko karibu? Mpima reli. Macdonald akakaa akasikiliza pande, akaandika ripoti iliyomlaumu Lugard waziwazi. Lugard na mashabiki wake hawakumsamehe mpaka kufa.

Machi 1893 akaja Sir Gerald Portal, mjumbe wa serikali ya London, bendera ya Uingereza ikapandishwa Kampala tarehe 1 Aprili, Portal akaondoka mwishoni mwa Mei akamwachia Macdonald kukaimu. Wiki chache tu. Juni likalipuka jambo la Waislamu wa Buganda na Selim Bey.

Mnubi wa Kibra
Hapo nipisheni kidogo, hilo ni la nyumbani kwetu.

Selim Bey alikuwa mkubwa wa askari wa Kisudani waliobaki Ikweta, jimbo la Misri huko kusini mwa Sudan, baada ya gavana wao Emin Pasha kuondolewa. Walikaa huko peke yao, Misri imewasahau, mpaka Lugard alipowafuata 1891 akawaleta Uganda na wake zao na watoto wao. Kwa hiyo hawa hawakuja kama vibarua. Walikuja kama jeshi lenye mkubwa wake na mapatano yake. Waislamu wa Buganda walipokosana na serikali, Selim akatuma neno kwamba ndugu zake Waislamu wasipigwe. Macdonald akaona huo ni uasi. Akawanyang'anya silaha Wasudani wa Kampala bunduki zikiwa zimeelekezwa kwao, akaenda Entebbe akamkamata Selim, mtu mzima tena mgonjwa, akamsafirisha kwenda Pwani. Akafia Naivasha. Mwanamfalme Mbogo wa Waislamu naye akapelekwa Unguja.

Bibi yangu akilitaja jina la Makdonali alikuwa anatema mate pembeni kwanza. Na hakuwa na kisomo hata cha darasa moja.

Mwarobaini
Naomba kupingana kidogo. Mnasoma ya 1893 kwa macho ya leo. Alikuwa na Wazungu wachache, mji umegawanyika mara tatu kwa dini, na askari wake wengi ni wa dini ya wale wanaotishia kupigana. Mngefanyaje ninyi? Mngeita semina?

Mnubi wa Kibra
Ningemwita mzee nikaongea naye. Mzee aliyekaa Ikweta miaka bila mshahara na bendera haijashushwa, huyo ni muasi?

KigingiNaDira
Tulieni, hili ndilo linatupeleka 1897.

Macdonald karudi kwao, kaandika kitabu cha kumbukumbu, kapandishwa cheo kuwa meja. Kisha akaitwa tena. Safari hii hadithi ya hadharani ilikuwa kwenda kutafuta chanzo cha mto Juba. Ukweli ni kwamba Wafaransa walikuwa wamemtuma afisa wao Marchand kutoka Atlantiki kwenda Fashoda juu ya Nile, na London ilitaka mtu awahi kutokea kusini. Akapewa kombania tatu za askari wa Kisudani kutoka Uganda.

Askari gani hao? Waliochoka. Walikuwa wametembezwa kwenye vita moja hadi nyingine, Mau, Nandi, huku na huku. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa mpagazi wa Kiswahili aliyebeba mzigo pembeni yao, tena unachelewa na unalipwa kwa nguo. Wakaambiwa mnakwenda mbali, hamtaambiwa wapi, na familia zenu zinabaki. Kwa Mnubi, yaani huyu askari wa Kisudani, kama mwenzetu alivyosema, familia ilikuwa sehemu ya jeshi: mke ndiye anayepika, anayebeba, anayetibu. Na anayewaongoza ni nani? Yule yule aliyemkamata Selim Bey.

Walipofika Eldama Ravine, Septemba 1897, wakasema hatuendi mpaka shida zetu zisikilizwe. Jibu walilopata ni la kijeshi: tii amri kwanza. Wakachukua bunduki zao wakageuka kurudi Uganda.

Nina kisa kifupi hapa. Mwaka fulani nilikuwa naweka vigingi kwa mkandarasi mmoja, simtaji. Vijana wa kushika fito walikuwa miezi mitatu hawajalipwa. Asubuhi moja wakaziweka fito chini, zote, zimepangwa vizuri sambamba, wakakaa kivulini. Hawakutukana mtu. Meneja akashuka kwenye gari akasema, "Kazi kwanza, mengine baadaye." Nilimwona mmoja wao, kijana mpole sana, akiinama kufunga kamba za viatu taratibu, kisha akaondoka na wote wakamfuata. Daraja lile lilichelewa. Kila nikisoma habari za Ravine naona zile fito.

Mnubi wa Kibra
Ongeza kwamba njiani waliendelea kuomba wasikilizwe. Hawakuanza kuua siku ya kwanza.

KigingiNaDira
Kweli. Wakafika Busoga, wakaichukua ngome ya Lubwa karibu na ziwa. Tarehe 19 Oktoba 1897 wakatoka kumkabili Macdonald kwenye kilima jirani. Na hapa wasomaji wa Kiswahili tusikilizane, maana vitabu vinapita haraka: Macdonald alikuwa na Wazungu wachache, Masingasinga wasiofika 20, na Waswahili zaidi ya 300. Hao ni wapagazi na askari wa msafara. Wengi wao hawakuwa wanajeshi, mtu aliyeandikwa Mombasa kubeba mzigo akajikuta ameshikishwa bunduki anapigana na askari waliozaliwa vitani. Wakapigana saa nyingi, na kilima hakikutekwa.

Usiku huo walioasi wakawaua Wazungu watatu waliowashikilia: Thruston, Wilson na Scott. Thruston alikuwa ameenda mwenyewe kuwasihi, akiamini kwamba watu wake hawatamgusa. Baada ya hapo hakuna mazungumzo tena, ngome ikazingirwa. Desemba 11 wakafa pale Pilkington, mmisionari aliyetafsiri Biblia kwa Kiganda, na Luteni Norman Macdonald. Ndiyo, mdogo wake meja. Januari 1898 waasi wakavuka maji usiku wakaondoka, wakaja kuletwa askari kutoka India, na mapigano yakaendelea kwa muda.

Mwarobaini
Sawa, nakubali Ravine alikosea. Lakini aliyepanga mishahara ile si yeye. Waliotembeza askari mpaka wakachoka ni wengine. Yeye alikabidhiwa chungu kikiwa kinachemka.

KigingiNaDira
Hiyo nakupa, Mwarobaini. Chungu kilichemshwa na wengi. Ila yeye ndiye aliyekuwa na kipimajoto mkononi.

Jembe la Kisarawe
😂😂 Maji ya Mau hayo. Endelea, Fashoda ilikuwaje?

KigingiNaDira
Hakufika. Maasi yalimla muda. Mwaka 1898 akaenda kaskazini hata hivyo, Karamoja, akafika nchi ya Latuka ambayo leo ni Sudan Kusini, akisaini mikataba na machifu. Austin akapelekwa upande wa ziwa Rudolf, Turkana ya leo. Fashoda akaiwahi Kitchener kutokea Misri, Septemba 1898.

Akateremka Mombasa mwanzoni mwa 1899. Wakati huo reli ilikuwa imevuka Tsavo na kuukaribia uwanda wa Athi. Nairobi ilifikiwa Mei 30 mwaka ule, wakati si mji bado, ni kinamasi cha Wamasai kuwapa ng'ombe maji. Kwa hiyo mtu aliyekata miba ya Taru kwa panga 1891 angeweza kuketi dirishani 1899 akaitazama ile miba ikipita. Kitu hicho hupewa wapimaji wachache. Mimi mwenyewe nina barabara mbili nilizozipigia vigingi na bado ni vichaka.

Yaliyobaki nayapitisha haraka. Mwaka 1900 akapelekwa China wakati wa vita vya Mabondia (maasi ya Wachina dhidi ya wageni), kusimamia reli za jeshi. Mwaka 1903 hadi 1904 akawa brigedia jenerali, kamanda wa jeshi lililoingia Tibet na Younghusband, mkuu wa ujumbe ule. Wawili hao walichukiana njia nzima: Younghusband anataka mbio, Macdonald anahesabu nyumbu na magunia, anarudi nyuma kutengeneza njia ya chakula. Wenzake walimdharau kwa woga. Mimi nadhani alikuwa anakumbuka posho. Lakini ndiye aliyekuwa kamanda pia siku ya Machi 31, 1904 huko Guru, Watibeti waliposimama nyuma ya ukuta wa mawe, wakaanza kunyang'anywa silaha, vurugu ikatokea, na mamia wakapigwa risasi wakiwa wanaondoka kwa kutembea. Kunyang'anya silaha, tena. Agosti waliingia Lhasa. Baadaye akapewa kikosi cha Mauritius, akastaafu, akafa Bournemouth Juni 1927.

Mtoto wa Dagoretti
Na wapagazi? Walirudi?

KigingiNaDira
Baadhi. Waliofia Lubwa wamezikwa Lubwa. Waliobaki, wengi wao walikuwa wa Mombasa, na reli ilipokwisha, Desemba 20, 1901 ilipogusa ziwa Kisumu, kazi yao ya ukoo ikawa imekwisha pia. Walipima njia iliyowaondolea mkate.

Mla Viazi Karai
Babu wa mke wangu alikuwa na fimbo ya mnyapara, yenye kichwa cha pembe. Familia inasema alikwenda "safari ya Makdonali" na akarudi na kovu begani. Sisi tulidhani Makdonali ni mahali.

KigingiNaDira
Mkuu!! Hiyo fimbo iko wapi sasa hivi? Usiifute vumbi, usiipake rangi. Nitumie ujumbe wa faragha leo leo.

Mla Viazi Karai
Iko kwa shemeji Kisauni, anafungulia dirisha la juu. Ngoja nimpigie.